Mchango Usiorudishwa: Kilomita 450 hadi Dodoma

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa ombaomba mwenye shahada ya uzamivu. Nimevaa tai, nimebeba bahasha za kaki, nimeketi kwenye viti vya mapokezi vya makampuni na taasisi za jijini Dar es Salaam, na nimejifunza kutambua, kwa jinsi katibu muhtasi anavyogonga muhuri wa "imepokelewa", kama barua yangu itapanda ghorofa ya juu au itaishia kwenye trei. Barua hiyo inaomba jambo moja tu: udhamini wa msafara wa baiskeli wa siku nne kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa lengo la kukusanya fedha za kuwasaidia watoto wanaoishi katika makao mawili ya kulelea yatima.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wataniuliza: Mwalimu, umeacha katiba na bajeti, sasa unaendesha baiskeli? Sijaacha. Naamini kwamba namna jamii inavyomchangia mtoto asiye na mzazi wa kumsemea inatueleza habari za dola, na habari zetu wenyewe, kwa uwazi kuliko hotuba nyingi. Kutafuta wadhamini kumenipa somo ambalo halimo katika mitaala yetu, na leo ninaliweka mezani ili tulijadili pamoja.

Nianze na safari yenyewe. Tuko waendeshaji kumi na wanne: wanafunzi tisa, wahadhiri watatu, muuguzi mmoja na fundi baiskeli mmoja, ambaye kwa kweli ndiye mtu muhimu kuliko wote. Barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina urefu wa kilomita zipatazo 450. Siku ya kwanza tutalala Chalinze. Siku ya pili Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Siku ya tatu Gairo. Na siku ya nne, tukishapita Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi, tutaingia Dodoma. Siku ya tatu ndiyo inayotutia hofu. Ni ndefu, na baada ya Dumila barabara huanza kupanda kuelekea Gairo, huku malori ya mizigo yakikupita kwa karibu kiasi cha kukuyumbisha kwa upepo wake. Kwa sababu hiyo tumeomba msindikizo wa askari wa usalama barabarani, na tumepata gari moja litakalofuata nyuma likiwa na maji, vifaa vya huduma ya kwanza, tyubu na spoki za akiba.

Kusafiri kwa jasho kwa ajili ya jambo la umma si desturi ngeni kwetu. Mwezi Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio hilo. Mwenge wa Uhuru hukimbizwa nchi nzima. Katika miaka ya karibuni waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wamekuwa wakitoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa Mwalimu. Mwili unaochoka una ushawishi wake. Mtu akikuona unavumilia jua la Chalinze kwa ajili ya jambo fulani, huanza kujiuliza jambo hilo ni lipi.

Utaratibu wetu wa kuchangisha ni mwepesi. Mchangiaji anaahidi kiasi kwa kila kilomita itakayoendeshwa na mwendeshaji anayemfahamu. Akiahidi shilingi 100 kwa kilomita, safari ikikamilika atakuwa amechangia shilingi 45,000. Kila mwendeshaji akipata wachangiaji ishirini wa kiwango hicho, atakuwa amekusanya shilingi 900,000. Sote kumi na wanne tukifanikiwa, jumla itakuwa shilingi 12,600,000. Gharama za safari, yaani chakula, malazi na mafuta ya gari, tunazilipa wenyewe kutoka mifukoni mwetu. Hakuna shilingi ya mchangiaji itakayonunua soda ya mwendeshaji.

Sasa nije kwenye somo nililolipata.

Sisi Watanzania si wachoyo. Anayetaka ushahidi na aingie kwenye kikao cha harusi. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mhazini mwenye daftari. Kuna kadi zilizochapwa vizuri na viwango vya mtu mmoja na vya wawili. Kuna mjumbe maalumu wa kuwapigia simu walioahidi wakachelewa, na simu hizo hazina aibu. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa kawaida hutoa laki moja kwa harusi ya mtoto wa jirani, na wiki inayofuata hutoa tena kwa msiba wa mkwe wa mwenzake wa ofisini. Mamilioni hupatikana kwa wiki sita, bila barua ya kaki na bila muhuri wa mapokezi.

Lakini michango yetu ina kumbukumbu. Kila familia ina daftari, la karatasi au la kichwani, linaloonyesha nani alichanga kiasi gani, siku ipi. Ninapokuchangia leo, ninaweka akiba. Zamu yangu ikifika, nawe utakuja. Ukipuuza misiba ya watu, wako utauzika na watu wachache. Huu ni mfumo wa bima uliobuniwa na watu ambao bima nyingine hazikuwafikia, na siudharau hata kidogo. Umewabeba wengi mahali ambapo Serikali na benki hazikuwepo.

Ugumu unakuja pale anayeombewa mchango ni mtu ambaye hatarudisha. Yatima hana kadi. Hana ukoo unaohudhuria vikao, hana mjomba atakayekuja kwenye msiba wako na gunia la mchele. Mwenzangu mmoja, mtu mkarimu ambaye hakuna harusi iliyompita, alinijibu kwa utani uliokuwa na ukweli ndani yake: "Daktari, hawa watoto wako wataniźika mimi?" Tulicheka sote wawili, kisha akachanga. Hata hivyo swali lake limenifuata kila ofisi niliyoingia, kwa sababu makampuni nayo yana daftari lao.

Kampuni moja, ambayo sina sababu ya kuitaja jina, ilinipigia simu wiki ya tano. Idara yake ya masoko ilikuwa imeisoma barua yetu na kuipenda. Walikuwa tayari kutoa shilingi milioni kumi kwa mkupuo. Nilipofika ofisini kwao nilipokewa kwa chai na karanga, na masharti yalitolewa kwa lugha ya upole sana. Nembo yao iwe kifuani na mgongoni mwa fulana za waendeshaji: sawa, hilo tulilitegemea. Bango lao liwe kwenye gari: sawa. Siku ya uzinduzi watoto wa makao yote mawili waletwe uwanjani, wavalishwe fulana za kampuni, washike mfano wa hundi kubwa, na wapigwe picha zitakazotumika katika matangazo kwa mwaka mzima. Kijana mmoja wa pale aliongeza, bila nia mbaya yoyote, kwamba ingependeza kama watoto wawili watatu wangesimulia mbele ya kamera jinsi walivyopoteza wazazi wao.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na kampuni hiyo haikuvunja sheria ya biashara kwa kutaka faida ya fedha yake. Niliwaomba muda, nikalipeleka suala hilo kwenye kamati yetu. Kamati iligawanyika. Wanafunzi wengi walikataa papo hapo. Wahadhiri wenye umri wangu tulihesabu kwanza. Tukaamua kwenda kuwauliza wenyewe.

Mama mlezi wa mojawapo ya makao hayo ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Daktari, wewe una mshahara. Mimi nina watoto thelathini na mmoja na bili ya maji ya miezi minne. Hiyo heshima unayoitetea nitaipikia nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama jibu la haraka lingefaa. Alikuwa anasema kweli. Mwanaharakati anayekataa fedha kwa niaba ya mtu mwingine anapaswa kwanza kuitazama jiko la mtu huyo. Nikamwomba ruhusa tuongee na watoto wakubwa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Mama aliwaita sita. Waliamkia, wakakaa kwenye mkeka. Tuliwaeleza habari ya fulana, bango, picha na milioni kumi. Walikaa kimya kwa muda, mpaka binti mmoja wa miaka kumi na minne, anayesoma shule ya sekondari ya kutwa, aliposema: "Shuleni tayari wananiita mtoto wa kituo. Mkinipiga picha na bango, hawataniita tena, watanionyesha."

Kisha akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumemuuliza: "Na mimi nyumbani kwetu ninapajua. Bibi yupo."

Mama mlezi aliinamisha uso. Tulipotoka nje alinishika mkono, akasema: "Basi ikataeni. Ila mkiikataa hiyo, mje na nyingine." Tuliikataa. Barua ya kukataa tuliiandika kwa adabu, tukaacha mlango wazi endapo watakubali nembo bila watoto. Hawajajibu. Milioni kumi haziko tena mezani, na bili ya maji bado iko palepale.

Wahenga walisema yatima hadeki. Methali hii kwa kawaida huelezwa kama onyo kwa mtoto: usijidekeze, huna wa kukubembeleza. Mimi naisoma kama shitaka dhidi ya watu wazima. Tumezoea mtoto asiye na wazazi alipe kila anachopewa: alipe kwa kuimba wageni wanapofika, alipe kwa kutabasamu karibu na gunia la unga, alipe kwa kusimulia kifo cha mama yake. Mtoto wa nyumbani hapigwi picha kila anapokula. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unalinda faragha ya mtoto katika ibara yake ya 16, na haukuweka kando wale wanaolelewa kwa misaada.

Maneno ya binti yule, "Bibi yupo," yanatupeleka kwenye jambo zito zaidi. Neno yatima linatufanya tufikirie mtoto asiye na mtu yeyote duniani. Hali halisi ni tofauti. Ripoti ya shirika la Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko katika makao duniani wana mzazi mmoja aliye hai. Wengi wameletwa kwa sababu ya umaskini: bibi amechoka, mama hana kazi, mtoto ana ulemavu na hospitali iko mbali. Watafiti waliofanya kazi Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao. Sehemu yao walipelekwa kwa familia za walezi. Waliolelewa na familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotolewa kwenye makao kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa usingizi wake na kwa kikohozi chake. Makao, hata yakiwa na walezi wenye upendo, huwapa watoto thelathini na mmoja mama mmoja.

Hili mimi nalifahamu kwa njia nyingine pia. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka tisa, na mama alikuwa mgonjwa. Baada ya matanga ukoo uliketi, na mimi nikapelekwa kwa shangazi yangu aliyekuwa akilima mahindi nje kidogo ya Dumila. Alikuwa na watoto watano; nikawa wa sita. Mume wake alikuwa na baiskeli aina ya Phoenix, na kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kupeleka debe la mahindi mashineni, likiwa limefungwa kwa mpira kwenye keria, nikiisukuma baiskeli kwa sababu miguu haikufika kwenye pedeli. Nilichapwa pamoja na wenzangu, nililishwa pamoja nao, na sare yangu ya shule ilishonwa kwa kitambaa kilekile. Hakuna aliyekuja na kamera. Pia hakuna aliyekuja na msaada: hakuna mfadhili, hakuna ofisi, hakuna mfuko wowote uliowahi kuuliza shangazi analishaje midomo minane. Mama yule alifanya kazi ya taifa kwa jembe la mkono, na taifa halikuwahi kujua jina lake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Fedha zetu za huruma huzifuata kuta. Mfadhili anapenda jengo, kwa kuwa jengo lina mlango wa kuwekea kibao. Anapenda watoto thelathini mahali pamoja, kwa kuwa wanaenea kwenye picha moja. Bibi mmoja na mjukuu mmoja katika nyumba ya udongo hawaenei kwenye mpango wa masoko wa mtu yeyote. Matokeo yake ni kwamba familia maskini inaona chakula, shule na dawa viko upande wa pili wa ukuta, na inampeleka mtoto huko kwa mapenzi, siyo kwa ukatili.

Sheria haiko upande wa ukuta. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto, katika ibara ya 20, unataja malezi ya familia mbadala, kafala ya sheria ya Kiislamu na kuasili, ndipo unapofika kwenye taasisi, tena pale inapolazimu. Majirani zetu wa Rwanda walipitisha mkakati wa kuwarudisha watoto kwenye familia mwaka 2012. Kenya ina mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032. Nasi tuna sheria nzuri na maofisa ustawi wa jamii wenye moyo. Wanachokosa mara nyingi ni nauli. Afisa hawezi kumtembelea bibi wa binti yule, kuitazama nyumba, kuongea na majirani na kurudi tena baada ya miezi mitatu, kama hana hata mafuta ya pikipiki.

Kwa hiyo kamati yetu, pamoja na walezi wa makao yote mawili, tumekubaliana kuzigawa fedha kwa nusu. Nusu ya kwanza inabaki kwenye makao kwa ajili ya maji, chakula na dawa, maana mtoto aliyeko pale leo anakula leo. Hilo nimefundishwa na mama mlezi. Nusu ya pili itawafuata watoto ambao maofisa ustawi wa jamii watathibitisha kwamba wana ndugu walio tayari na wanaofaa kuwalea: nauli ya ufuatiliaji, sare na madaftari, kadi ya bima ya afya, na mtaji mdogo kwa mlezi, awe wa kuku, wa genge au wa shamba. Kwa mtoto asiye na ndugu, au ambaye nyumbani kwao kuna hatari, makao yanabaki kuwa kimbilio lake, na hakuna atakayemtoa kwa ajili ya nadharia zetu. Hesabu zote zitabandikwa kwenye mbao za matangazo za makao na kutumwa kwa kila mchangiaji. Picha pekee zitakazopigwa ni za waendeshaji, wakiwa na vumbi.

Tumechagua Dodoma kwa makusudi. Serikali iko huko, na safari ya hisani isiyofika kwa mwenye wajibu huishia kuwa mazoezi ya viungo. Tukifika tutawasilisha waraka wa kurasa mbili kwa wizara inayohusika na maendeleo ya jamii na makundi maalumu, tukiomba jambo moja: ufuatiliaji wa watoto wanaorudishwa kwenye familia upewe kifungu chake katika bajeti za halmashauri, usitegemee baiskeli zetu. Mtoto ana haki, na haki haipaswi kusubiri wahadhiri wapate likizo.

Hadi ninapoandika haya, ahadi zimefikia shilingi milioni saba na laki nne. Nyingi ni ndogo: shilingi 20 kwa kilomita kutoka kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa masomo, shilingi 50 kutoka kwa mama ntilie wa nje ya lango la chuo, ambaye alitaka kwanza kujua kama kweli nitaweza kuupanda mlima wa Gairo na kitambi hiki. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Pengo la zaidi ya milioni tano bado lipo, na siku zimebaki chache.

Ninawaomba, ndugu zangu. Mwanafunzi, tafuta mwendeshaji unayemfahamu umwahidi hata shilingi kumi. Mwanaharakati, kabla hujaposti picha ya mtoto aliyesaidiwa, jiulize kama ungeiposti kama angekuwa wako. Mtumishi wa umma, wewe unayeandaa bajeti ya halmashauri yako, itafute ile sehemu ya ustawi wa jamii uone kama kuna nauli ya afisa. Na wewe mwenye kampuni, fulana zetu bado zina nafasi kifuani na mgongoni; nembo yako tutaibeba kilomita zote 450, jua na mvua, bila kinyongo. Watoto hatutawaleta uwanjani. Mchango huu hauna kadi ya kurudishiwa, na anayetoa inampasa kulijua hilo kabla ya kutia mkono mfukoni.